Video Kumi Zilizobaki

Kinyozi alikuwa amenyoa nusu ya kichwa cha mteja alipovuta droo ya chini kutafuta brashi, akaganda. Laptopu haikuwemo.

"Na mimi je?" mteja aliuliza baada ya kusubiri weee. "Nirudi kwa mke wangu nikiwa watu wawili?"

Siku nyingine kinyozi angecheka mpaka machozi. Siku hiyo alikaa sakafuni, katikati ya nywele za watu, mashine bado inanguruma mkononi. Alikuwa ametoka mara moja tu kuchota maji. Na laptopu aliileta dukani makusudi, kwa sababu dirisha la nyumbani halikuwa na nondo.

Yenyewe ilikuwa kuukuu, kona moja imeshikwa na gundi ya karatasi. Lakini ndani yake alikaa mkewe. Alipoambiwa hospitalini kwamba ugonjwa hautamwacha, alijirekodi video kumi na nane, moja kwa kila siku ya kuzaliwa ya binti yao, aliyekuwa bado ananyonya. Kila mwaka baba na binti walifungua moja tu. Walikuwa wamefika ya nane. Kumi zilizobaki hakuna aliyewahi kuziona, hata kinyozi mwenyewe, na ya tisa ilikuwa ya Jumamosi hii.

"Nakuomba kitu kimoja," mkewe alimwambia siku zile, kichwa hakina unywele, mashavu yamebonyea. "Asinione mtu wa nje nikiwa hivi. Niapie."

Akamwapia.

Ndiyo maana dada fundi wa kompyuta, jirani yake wa mlango wa pili, alipomsihi aweke nakala mahali pengine, alikataa katakata. Neno la siri nalo alilikataa, maana alijijua kwa kusahau. Dada alichoka kubembeleza. Akamwekea programu ya kuifuta laptopu kutoka mbali, kisha akabandika stika chini yake yenye anwani ya barua pepe ya kinyozi: Ukiiokota, niandikie.

"Mwizi gani huyo mwenye adabu ya kuandika barua?" kinyozi alimtania.

Siku mbili alizunguka kwa wauza vitu vilivyotumika, akauliza, akabandika matangazo. Wapi. Ijumaa asubuhi binti yake, akifunga kamba za viatu vya shule, aliuliza, "Baba, kesho mama atasema nini?" Kinyozi alijifanya anatafuta ufunguo.

Akaenda moja kwa moja kwa dada fundi.

"Watu siku hizi wanarusha chochote mitandaoni," alisema. "Watamcheka mke wangu. Ifute."

"Kaka, vuta subira kidogo. Ikishafutika hairudi. Pengine..."

"Niliapa, dada."

Dada alimtazama, akashusha pumzi. "Basi. Ikigusa intaneti tu, itajifuta yenyewe." Alimpa simu abonyeze kwa mkono wake. Kinyozi alifumba macho, akabonyeza.

Mchana, wakiwa wamekaa kwenye benchi la nje, simu ya dada ililia. Laptopu imeonekana mtandaoni. Baada ya dakika chache ikalia tena. Kila kitu kimefutwa.

Kinyozi alilia bila kujificha, wateja wakimwona. Ilikuwa kama kumzika mara ya pili. Hata hivyo, alihisi ametua mzigo. Kumi zile hazitaonwa na mtu yeyote, lakini angalau mtu wa nje hatamwona mkewe.

"Nimekutunzia," alinong'ona.

Alitoa simu yake kutazama saa, asije akachelewa kumchukua binti shuleni. Kulikuwa na barua pepe moja tu, iliyoingia robo saa nyuma, kutoka kwa mtu asiyemjua.

"Baba wa huyo mtoto, nisamehe. Nilifungua video moja bila kujua ni nini, nikaizima katikati. Nyingine sijazigusa, si zangu. Anwani nimeiona kwenye stika. Sina uso wa kukuletea laptopu, ndiyo maana nimetafuta intaneti. Nakutumia zote kumi na nane, moja moja, naanza sasa hivi. Usizime simu."