Damu ya Filamu za Zamani

Bamama munaotuma batoto ku soko, musikie hii.

Ilikuwa wakati wa vita, Butembo. Kavuo alikuwa anamusuka binti yake mbele ya televizyo ya jirani. Kesho angemutuma tena ku soko ya Musienene kununua viazi. Kaseti ilikuwa filamu ya miaka ya sabini, na mutoto alizipenda filamu za miaka ile kupita zote.

"Mama, ona ile rangi, kila kitu ni kama chai ya maziwa! Na kamera inamukaribia mutu pole pole. Na ile mapantalo, suruali pana ku miguu, inafagia barabara!"

Kavuo akacheka kidogo.

Ndani ya filamu, mutu mumoja akapigwa risasi. Shati yake nyeupe ikajaa wekundu wa kung'aa, kama nyanya ya kusaga.

"Hapa balidanganya," mutoto akasema, kwa sauti ya mutu anayechagua kitambaa. "Damu haibaki hivi. Inakauka, inakuwa nyeusi, na nzi zinakuja."

Vidole vya Kavuo vikasimama ndani ya nywele.

"Uliiona wapi?"

"Ku njia ya Musienene, ile siku ulinituma. Batu balikuwa balilala ku majani. Lakini angalia kwanza, mama, vile jua ya filamu yao inazama."

Kavuo akaangalia. Lilikuwa jua kubwa, rangi ya chungwa, na lilichukua muda mrefu sana kuzama.