Picha Aliyoipiga Mwakio

Siku hizi picha haifichi kitu: ukiitazama, unahisi alichohisi aliyeipiga. Ndiyo maana watu wa Mombasa hununua picha zangu za ukungu wa Taita. Hupiga asubuhi nikishakamua ng'ombe, moyo umetulia, nao hutundika utulivu huo sebuleni.

Mume wangu, Mwakio, hakuwahi kushika kamera. Wiki iliyopita aliichukua nikiwa zizini, akanipigia picha ya bonde letu. Aliniletea jikoni kwa haya, kama mchumba.

"Usinicheke, mama Wakesho."

Ilikuwa imepinda, na kidole gumba chake kimeziba migomba ya jirani. Nilicheka. Kisha nikaitazama sawasawa, na upendo wake ukanijaa kama uji wa moto. Miaka yote hiyo sikujua ananipenda kiasi kile.

Chini ya upendo palikuwa na kitu kingine. Nilikitambua, maana nilikihisi siku niliyoaga kwetu kuja kuolewa, nikiutazama kila mti ili nisiusahau. Na mwezi uliopita Mwakio alirudi kutoka hospitali akaniambia hawakuona kitu.

"Imetoka vizuri?" aliuliza. Anadhani kamera hubeba tu kile mtu anachokusudia.

"Vizuri sana, baba Wakesho."

Nimeitundika chumbani, upande wangu wa kitanda. Kila asubuhi huniuliza mbona sipigi tena, nami humwambia ukungu haujakaa vizuri. Nikipiga picha, ataitazama, naye atajua kwamba najua.