Mikono ya Renatus

Siku Jovina alipovunjika vidole vitatu vya mkono wa kulia, mumewe Renatus, mpiga dramu, alizipigia simu studio nne na kuahirisha kazi zote za mwezi.

Habari ilizunguka Biharamulo kabla ya jua kuzama. Sokoni wanawake walisema mume wa namna hiyo haokotwi njiani.

"Mimi nilipovunjika mguu, wangu alikwenda kwenye mpira," alisema mmoja, wenzake wakacheka.

Na kazi alizoziahirisha hazikuwa ndogo. Renatus Habonimana alitoka Mugoma akiwa mpigaji wa kwaya tu, mmoja kati ya wengi. Mwaka 2015 alimwoa Jovina, binti wa mzee Ntirampeba, mpiga ngoma wa kijiji cha Mabawe, wakapanga nyumba nyuma ya soko. Mwaka uleule simu zikaanza kuita. Watu wakasema mke amekuja na baraka zake.

Studio za Mwanza, Bukoba na Kahama zilimtumia nyimbo kwa simu, naye akazirudisha zikiwa na dramu ndani. Leo kwaya ya Injili, kesho singeli, keshokutwa wimbo wa harusi wenye mdundo wa Kisukuma. Siku mbili hazikupita kabla kazi haijarudi, na hakuna pigo lililochelewa. Mtangazaji wa redio alimwuliza anayawezaje yote hayo.

"Mikono yangu haijui dini wala kabila," Renatus akajibu, na maneno hayo yakawa msemo mjini.

Alirekodia katika chumba cha nyuma, kuta zake zimezibwa kwa magodoro makuukuu na trei za mayai. Hakutaka mtu humo. Jovina peke yake ndiye aliyeingia, kupeleka chai. Jukwaani Renatus alionekana mara chache, tena akipiga kwa kujizuia, hata waliomzoea redioni wakashangaa.

"Yule ni mtu wa studio," mashabiki walimtetea. "Mbele za watu anaficha ufundi, wasimwibie."

Jirani yao Speciosa ndiye pekee ambaye hakumsifu siku ile. Asubuhi alikuwa uani anaanika maharage. Alijua Jovina ameitwa kazini Mwanza, kazi ya kupika hotelini, alidhani, na kupitia dirishani alikuwa amemwona akifunga begi. Mara akamsikia Renatus akifoka, "Hutoki!" Mlango wa chuma ukabamizwa. Halafu kilio.

Siku ya tatu alikwenda kumjulia hali mgonjwa, na kikapu cha ndizi kichwani. Alisubiri Renatus atoke kwanza.

"Mama Iteka," alimwita Jovina, "ni nini kilichokubana?"

"Mlango. Upepo uliusukuma."

"Upepo gani? Nilikuwa uani na maharage yangu, hata ganda halikuruka."

Jovina aliiangalia plasta yake. "Mwache tu, dada. Ameumia kuliko mimi."

Speciosa alirudi kwake roho ikimchemka. "Kamvunja makusudi," alimwambia mumewe, Sostenes, "halafu mji mzima unampigia makofi."

"Una ushahidi?"

Hakuwa nao.

Na wiki zilivyokwenda, hasira zake zikaanza kulegea. Renatus alimpikia mkewe uji wa ulezi na supu ya mifupa. Alimfulia nguo, akazianika mwenyewe mbele za watu bila aibu. Mtoto wao Iteka akitaka kubebwa, alimbeba yeye. Jovina hakuruhusiwa kushika hata mwiko. Kila jioni alikaa naye barazani, akimkanda bega na kiwiko kwa mafuta ya moto, taratibu, kama anayemkanda mtoto mchanga. Simu za studio zikiita alijibu neno lilelile, "Bado. Mke wangu hajapona." Speciosa akawaza, huenda mwanadamu hujuta kweli.

Wiki ya sita aliwasindikiza hospitali. Daktari alikata plasta, akamwambia Jovina akunje vidole. Cha shahada kilikunjika nusu. Viwili vilivyofuata vilibaki vimenyooka kama vijiti.

"Jaribu tena," alisema Renatus.

Alijaribu. Jasho likamtoka puani.

"Atapika, atafua kidogo kidogo," alisema daktari. "Kushika jembe, sidhani."

"Na akipasuliwa? Tukienda hospitali kubwa?"

"Ndugu yangu, mishipa imekatika. Hivi ndivyo vitakavyokaa."

Renatus alilia palepale, kwa sauti, mbele ya foleni nzima. Bibi mmoja aliinuka kwenye benchi akampangusa uso kwa upindo wa kitenge chake.

"Mshukuru Mungu, baba. Kidole si roho. Mkeo unaye."

Jovina hakulia. Alikuwa ameuweka mkono mapajani, akiutazama kama mzigo wa mtu mwingine. Speciosa akayatazama machozi ya yule mwanamume, na moyoni akamsamehe. Njiani alimpa pole kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Asante, dada," Renatus alisema. "Sijui tutaishije."

Nyumbani alimshika mkewe kiwiko, akamwingiza chumba cha nyuma, akafunga mlango. Akamkalisha nyuma ya dramu. Akamvalisha hedifoni, akamfungulia wimbo uliotoka Mwanza, akamwekea kijiti katika kiganja cha kulia na kuvibana vidole juu yake, kimoja baada ya kingine.

Kijiti kikaanguka sakafuni.

"Okota," alisema Renatus. "Ijumaa wanazitaka dramu zangu."