Ritimasi

"Hakuna kitu duniani kinachoitwa ritimasi," mwalimu alisema. "Sema karatasi ya litimasi, au leo hii uhamie darasa la sanaa."

Darasa likacheka. Mimi, mchekeshaji rasmi wa bweni, sikucheka. Wiki nzima nilikuwa nimedurusu fizikia na kemia chini ya mibuni ya Kamachumu, mwanadarasa mwenzangu Verdiana akiniuliza maswali huku akifuta miwani yake kwa sketi. Kila kitu nilikijua. Ulimi wangu wa Kihaya tu ndio uliogoma kudurusu: penye "li" unatamka "ri", penye "ra" unatamka "la", na hauombi radhi.

"Asidi inaifanya nini karatasi hiyo?"

"Inaigeuza langi, mwarimu."

"Langi." Kalamu yake ikaanza kushuka kuelekea jina langu kwenye orodha ya darasa. "Langi gani?"

Hapo nikaamua kuupumzisha ulimi. Kwa heshima zote za mazishini, nikachukua kipande cha karatasi ya bluu mezani, nikakichovya kwenye kikombe cha siki kilichokuwa kando. Ncha iliyolowa ikaanza kubadilika, wekundu ukapanda taratibu hadi karibu na kucha yangu. Nikakiinua mpaka usawa wa shingo yake.

"Ya tai yako, mwarimu."

Akaitazama karatasi. Akaitazama tai yake nyekundu. Kalamu ikasimama.

"Haya," akasema. "Swali la pili. Nieleze kuhusu lenzi."

Nikageuka nyuma, kwenye dawati la Verdiana, na kunyoosha mkono.

"Verdiana, naomba miwani."