Kisemeo cha Mama

Siku hizi, ukisema hadharani lugha ambayo jirani yako haielewi, kisemeo ulichobandika kifuani kinaitafsiri kwa Kiswahili, tena kwa sauti, ili asidhani unamsengenya.

Nakijwa alimpeleka mama yake kliniki ya macho. Dada mmoja aliyekaa nao benchini alipowasikia wakianza kuongea Kipare, alivuta mkoba wake na kununa.

Mama akamwinamia bintiye, akanong'ona. Kisemeo kikatangaza, ukumbi mzima ukasikia: "Mwanangu, usiwaambie kaka zako. Sijaiona sura yako tangu Pasaka."

Yule dada akauachia mkoba wake.

"Nisamehe, mama," yule dada alisema. "Nilidhani mnanisema mimi."

"Hapana, mwanangu," mama akamjibu kwa Kiswahili. "Hata sikujua kama kuna mtu hapo."

Walipofika nyumbani, Nakijwa alivivua visemeo vyote viwili, akavifungia kabatini. Akammiminia mama chai, kisha akauliza kwa Kipare, taratibu, "Mama, kwa nini hukuniambia mapema?"

Mama alipapasa kifua chake, halafu cha bintiye. Hakukuta kitu. Hata hivyo akajibu kwa Kiswahili, kama anayeongea na mgeni:

"Chai yako ni tamu. Asante."