Kumficha Kulik

"Toka dirishani," Hipolit Zaremba alisema. "Ukionekana, mimi nimekwisha."

Mchimba makaa akasogea, akaketi, akaendelea kula. Ilikuwa siku ya tatu, na bata aliyekuwa mezani alikuwa wa pili. Alikula kama anayejaza toroli: kimya, bila kupumzika, mafuta yakimtiririka kidevuni. Hipolit akageuza uso. Miaka kumi na miwili alikuwa katibu wa Wawrzyn, klabu ya mpira ya mawakili na maprofesa wa Kraków, na leo amejifungia katika nyumba ya wageni ya mji mdogo wa Krzeszowice, akimlinda mtu mwenye kucha nyeusi.

Saa nane mchana wa Jumapili hiyo ya Novemba, Wawrzyn na Szyb, timu ya wachimba makaa wa Silesia, wangecheza mechi ya mwisho ya ligi ya mwaka 1935. Atakayefungwa anashuka daraja. Mwenyekiti alishamwambia Hipolit bila kuzunguka: tukishuka, Jumatatu asubuhi nisikukute ofisini. Na Szyb walikuwa na kitu kimoja tu cha kuogopwa, mshambuliaji wao, Alojz Kulik. Hipolit akaona dawa ni moja: amtoroshe Kulik, amfiche mpaka mechi iishe, kisha amsainishe.

Kumpata kulikuwa rahisi hadi akaona aibu. Ijumaa alisimama kwenye lango la mgodi, zamu ikitoka. Hakuwahi kumwona Kulik. Mechi ya kwanza ilichezwa huko Silesia, naye alikataa kwenda, akisema mapafu yake si bomba la moshi. Sasa wanaume mia mbili walimiminika mbele yake, weusi tii, na kwake wote walikuwa sura moja.

"Kulik ni yupi kati yenu?" aliuliza, leso puani.

Walitazamana. Mmoja akacheka. Kisha huyu aliye naye sasa akajitokeza, akavua kofia.

"Twende, mheshimiwa."

Hata hakuuliza wanakwenda wapi. Njiani Hipolit alimwahidi kazi ya posta na chumba chenye maji ya bomba, naye akawa anaitikia kwa kichwa tu, kama ng'ombe anayeongozwa mnadani.

"Nawa mikono," Hipolit alimwambia sasa, akiweka karatasi mezani. "Huu ndio mkataba. Utausaini mechi ikiisha. Unajua kusaini, au unaweka kidole?"

"Nitajaribu, mheshimiwa."

Mchimba makaa alijifuta vidole kimoja kimoja. Akausoma mkataba toka juu hadi chini. Akarudi tena juu.

"Hauna tarehe," alisema.

"Nini?"

"Tarehe. Na hapa umeandika naanza kucheza mwezi wa tatu. Anayehama bila kibali cha klabu yake hukaa nje miezi sita. Ligi wataurudisha huu."

Hipolit alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka miwani ikamshuka.

"Makubwa! Nani kakufundisha hayo, farasi wa mgodini?"

"Huwa yanasomwa kwenye kikao."

"Mna vikao! Mnakutana wapi, shimoni?"

"Nyuma ya baa ya Gerlich. Kila Jumanne."

"Na huko baa nani anaandika yanayosemwa? Au mnachora kwa makaa ukutani?"

"Yupo mmoja anajitahidi," mchimba makaa alisema, akavuta sahani ya kabichi. "Saa ngapi sasa?"

"Saa nane na nusu. Wenzako wanakutafuta chini ya mabenchi."

"Maskini."

"Hivi huoni haya? Tangu juzi unakula chakula cha adui. Mtu wa kwetu angalau angejifanya anaumia roho."

"Bata ni mzuri, mheshimiwa. Mke wangu huwaunguza."

Hipolit akatikisa kichwa. Hapo ndipo alipouelewa mpira wa watu hawa: tumbo na miguu, katikati hakuna kitu. Alijaribu kumwazia jamaa huyu katika jezi nyeupe ya Wawrzyn, kwenye karamu ya klabu, akishikana mikono na mke wa profesa. Akaapa moyoni kwamba karamu itakapofika, Kulik atakula jikoni.

Mchimba makaa aliuliza saa tena saa tisa. Akauliza tena saa tisa na nusu. Saa kumi kasorobo aliacha kuuliza, akaegemea kiti, akafunga macho kama mtu aliyemaliza zamu.

"Bwana Zaremba!" Bi Salomea, mwenye nyumba, aliita toka chini. "Simu! Mwenyekiti wako!"

Hipolit akashuka ngazi mbilimbili, tabasamu tayari usoni.

"Nne bila," sauti ilisema.

"Hongera, mwenyekiti! Si nilikwambia..."

"Wao ndio wenye nne, mpumbavu wewe! Tumeshuka!"

"Wao? Mabao kafunga nani?"

"Unaniuliza mimi? Kulik! Yote manne! Si ulisema umemfungia chumbani?"

"Lakini yupo hapa, mwenyekiti. Yuko juu. Ameshiba..."

Simu ilikatwa. Hipolit alipanda ngazi polepole, mkono ukutani. Mlangoni alisimama. Mtu yule alikuwa amekwisha kuvaa koti na kofia, na sasa alikuwa akichana masharubu mbele ya kioo.

"Wewe ni nani?" Hipolit alinong'ona.

"Siku tatu, mheshimiwa, leo ndiyo mara ya kwanza unaniuliza." Alitia kitana mfukoni, akamnyooshea mkono ule wenye kucha nyeusi. "Wilhelm Dziuba, wa klabu ya Szyb. Pole sana, katibu mwenzangu."