Nipe Mji wa Shekue

Zama zile kila runinga ilikuwa na amri ya kulinda moyo wa mtazamaji. Shekue, mwanamume mzuri kama shetani, alipomfungia mpenzi wake Raziki nje kwenye mvua, tamthilia ikakatika.

"Bibi, huyu hafai," runinga ikasema. "Nikuwekee kilimo cha mchicha?"

"Mchicha nimeulima mpaka mgongo umepinda," akajibu Bi Mwanakheri. "Kitendawili!"

"Tega."

"Namfukuza mchana kutwa, akichelewa kurudi nachungulia dirishani."

"Paka? Nzi? Usingizi?"

"Umeshindwa. Nipe mji!"

"Nakupa Tanga."

"Tanga kuna wifi yangu, sitaki. Nipe mji wa Shekue."

Aliyeshindwa hana ujanja, picha ikarudi.

"Haya, nimeshafika na sitoki," akasema Bi Mwanakheri. " Jibu ni mpenzi mkorofi. Najua hafai, mwanangu, lakini macho ni yangu na machozi ni yangu."

Shekue akafungua mlango, akapiga magoti kwenye tope. Raziki akampa mgongo, ila miguu haikuondoka.

Runinga ikanong'ona, "Bibi... atamrudia?"

Bi Mwanakheri akaitazama runinga. Hakuna aliyemwambia kwamba nayo ina moyo, wala nani anaulinda.

"Nyamaza," akasema, akisogeza kiti karibu. "Tuone."